Mwani Mwekundu na Nafasi Moja

Kindu, Jumatano jioni

Mwanangu Mwamini,

Kosa wanalolifanya karibu watu wote wanapotafuta mwani mwekundu ni kutafuta kitu chekundu. Mtu anaingia majini mpaka magotini, anaona kichaka cha kijani, anakipita. Anaona cha kahawia, anakipita. Mwishoni anakutana na kitu kinachong'aa kama pilipili, anakishika kwa furaha na kutoka nacho, wala hajui kwamba vile viwili alivyovipita ni ndugu wa damu wa hicho alichokishika, au pengine ni kile kile. Ukoo huo unaitwa mwekundu kwa sababu ya rangi iliyomo ndani ya chembe zake. Jua likiupiga sana, rangi hiyo inafifia na nyingine zinajitokeza juu yake. Kwa hiyo mwani mwekundu unaweza kuwa wa kijani, wa manjano, wa zambarau, hata mweusi kama masizi ya sufuria, na bado ukabaki kuwa mwekundu.

Haya nimeyafundisha tangu kabla hujazaliwa. Na bado kosa hilo nimelifanya mara mbili, zote mbili wewe ukiwa umesimama kando yangu. Mara ya pili ilikuwa juma lililopita, mbele ya mkaguzi wa elimu na mgeni wake wa pwani, na ndiyo iliyokupa wewe nafasi ya kwenda Unguja na kuninyima mimi.

Mambo ya safari siyaandiki. Shangazi yako Feza amekwisha kukuambia ukae karibu na nani ndani ya treni ya Kalemie, ujifunike nini usiku ndani ya meli ya kuvuka ziwa kwenda Kigoma, na usile nini njiani. Ameyasema mara nyingi hivi kwamba kasuku wa jirani angeweza kukusindikiza. Mimi ninaandika kwa sababu ya swali uliloniuliza siku ile ile ya mtihani, ambalo mpaka jioni hii sijalijibu.

Tulikuwa tunarudi nyumbani, tunapanda kutoka mtoni. Ulisema, "Mama, uende weye. Mukaguzi amesema jina linaweza kubadilishwa mpaka siku ya treni, saa sita. Mimi nitaenda mwaka mwingine."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema, "Angalia matope."

Tangu siku hiyo tumekula pamoja, tumeota moto mmoja, umenisuka nywele, na hakuna aliyerudia neno lile. Kesho treni inaondoka alasiri. Nataka ujue kilichokuwa ndani ya ukimya wangu, maana wewe ni mtu wa kutazama vitu kwa ndani, na usipoambiwa utakisia vibaya.

Kilichokuwa ndani yake ni wivu, Mwamini. Si neno jingine.

Unalijua kabati la darasa langu, lenye mlango usiofungika. Ndani yake kuna karatasi moja ngumu iliyoshonewa mmea mkavu wa baharini, iliyoachwa na waliofundisha pale kabla yetu. Mmea wenyewe una rangi ya chai iliyolala. Kwa karatasi hiyo moja nimefundisha bahari yote. Watoto wa Kindu, watoto waliotoka Pangi na Kama, wote wamepitisha kidole juu yake, nami nikiwaambia, "Huu, ukiwa hai, unacheza ndani ya maji." Nilikuwa nasema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeona. Sijaona. Sijui unachezaje.

Watu wa mji huu wanapenda kusema kwamba babu zao walitoka pwani wakiwa na kilemba na upanga. Wa kwangu alitoka pwani akiwa na mzigo kichwani, na hatujaona sababu ya kuficha. Inasemekana alipofika huku aliwaambia watoto wake kwamba kuna maji makubwa kuliko Lualaba ambayo mtu hawezi kuyanywa, nao wakacheka mpaka akanyamaza. Katika uzao wake wote mimi ndiye niliyesoma mpaka nikaweza kueleza kwa nini maji hayo hayanyweki. Niliamini kwamba kama kuna mmoja wetu atakayeyaonja, ni mimi. Niliamini hivyo kwa miaka mingi, kwa utulivu, kama mtu aliyeketi kwenye foleni na kujua kwamba anayefuata ni yeye.

Kisha nikageuka, nikakuta wewe uko mbele yangu.

Lakini wivu huu haukuanza juma lililopita. Ulianzia kwenye bwawa la Mzee Assumani, kwenye njia ya Kailo. Wewe ulikuwa bado kwenye sare ya shule. Mzee Assumani alikuja nyumbani kofia mkononi, akasema, "Madamu, ndani ya bwawa yangu kumeingia kitu. Samaki wanapanda juu kuvuta pumzi kama wazee wa pumu."

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, na ile kazi ya wote ikapelekwa kwake. Tulifika na majembe na vikapu, nyimbo za chama zikitangulia. Bwawa lilikuwa limefunikwa na vijani vidogo vinavyoelea, vidogo kuliko ukucha. Upande wa jua vilikuwa vyekundu kama matofali. Upande wa kivuli, chini ya mianzi, vilikuwa vya kijani. Nilisimama ukingoni, nikatazama kwa muda ambao mtu anatumia kusoma bango, nikasema:

"Hapa kuna majani mawili. Ya kijani ni ya kwetu, yaacheni, samaki wanajificha humo. Mekundu ndiyo mageni. Toeni mekundu."

Kiongozi wa mtaa, ambaye hapendi kitu kama kupiga kelele, akapaza sauti: "Madamu amesema! Nyekundu yote inje!" Na kweli ilitoka yote. Jua lilipokuwa utosini upande ule wa maji uling'aa, watu wakanipigia makofi, nami nikaona haya kidogo, ile haya tamu.

Mvua chache baadaye bwawa zima lilikuwa limefunikwa tena. Mzee Assumani alikuja na beseni kichwani, akaliweka mbele ya mlango wangu, watu wakisimama kutazama.

"Madamu, nyekundu tulitoa. Sasa hii iko nini? Imezaliwa na nani?"

Ilizaliwa na ile ya kijani niliyoiacha. Ulikuwa mmea mmoja, mwekundu juani na wa kijani kivulini. Mji mzima unakijua kisa hiki, na kuna wavulana walioniita Madamu Toa-Nyekundu mpaka wakaota ndevu. Hilo nimelizoea. Kitu ambacho mji haukijui kilitokea nyuma ya jiko letu. Siku mbili tatu baada ya salongo ulikuwa umechota vijani vya kijani kutoka chini ya ile mianzi, ukaviweka kwenye beseni la kufulia, ukaliacha juani. Ukanivuta mkono: "Mama, kuja uone." Vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu pembezoni.

Nilielewa pale pale. Mzee Assumani alikuwa bado hajaja, bado kulikuwa na wakati wa kurudi bwawani na kutoa vilivyobaki. Nikakwambia, "Nani alikupa ruhusa ya kuchukua beseni la kufulia?" Nikamwaga yote chini ya mpapai.

Mimi nilikuwa na kitabu, wewe ulikuwa na beseni. Na beseni ndilo lililokuwa linasema kweli. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu, na nililojifunza si kwamba vitabu ni vibaya. Kile kitabu kilikuwa kimeandika wazi kwamba mmea huo hubadilika rangi, nami nilikuwa nimekisoma. Nililojifunza ni kwamba mtu anaweza kujua jambo kabisa na jicho lake likalitangulia. Jicho lina haraka. Linapenda kumaliza. Ukiwa huko pwani, jicho lako likikwambia jina kabla mkono haujagusa, liambie lingoje.

Sasa nije kwenye mtihani, maana najua unafikiri niliteleza tu siku ile.

Tulikuwa watu wachache katika darasa langu mwenyewe: sisi wawili, mwalimu wa Pangi, na yule kijana wa ofisi ya kilimo. Mkaguzi alikuwa ameketi ndani ya abakosti yake, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, jasho likimtoka shingoni. Mgeni wa pwani, yule bwana mpole, alieleza kwamba chuo chao kinawaita watu kutoka nchi zisizo na bahari au zenye bahari ndogo, wajifunze kwenye mwani namna ya kuutambua mmea mgeni majini, kisha warudi na macho hayo kwenye mito na maziwa yao. Kwao, alisema, kuna mwani uliletwa kutoka nchi za mbali kupandwa kwa biashara. Mawimbi yanavunja vipande, kipande kinashika jiwe, na jiwe linakuwa shamba lisilo na mwenyewe. Wasiojua wanang'oa wa kwao na kuuacha mgeni. Alikuwa amekuja na mwani uliokaushwa kwa chumvi. Akaurowesha katika sahani mbili, ukavimba na kusimama kama ulioamshwa usingizini.

Mwamini, unajua nilichofanya moyoni? Nililia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona ukiwa na maji ndani yake.

Akaniuliza mimi kwanza, kwa sababu ya umri wangu: "Mama, hizi ni aina ngapi?"

Sahani moja ilikuwa na wa kijani, nyingine na mwekundu kama damu. Nikasema, "Mbili." Hata sikunyoosha mkono. Nilikuwa nimezoea mwani wa kushonewa kwenye karatasi, usioguswa na mwalimu.

Ilipofika zamu yako uliomba wembe. Uliukunja mwani mpaka ukavunjika, ukausikiliza ukivunjika. Ulipitisha ukucha kwenye vile vimiiba vyake, ukavizunguka polepole. Ulikata vipande vyembamba, ukaviinua kwenye dirisha. Kisha ukasema, "Iko moja."

Mkaguzi akacheka kwa tumbo lote. "Eeh! Mutoto anapinga mama yake mbele ya wakubwa! Maniema imekwisha!"

"Mwache aeleze, bwana," mgeni akasema.

"Miiba iko sawasawa. Inazunguka shina kama pete, hii na hii. Ndani pia iko sawasawa. Rangi tu njo inabadilika. Moja ilikaa karibu na jua."

"Umeuona wapi mwani, binti?"

"Sijaona. Niliona majani ya bwawa ya Mzee Assumani."

Hukunitazama uliposema hivyo. Ulikuwa unanihurumia, na huruma yako ndiyo iliyonichoma kuliko kushindwa. Na jioni ile, kabla hatujafika nyumbani, ukanipa nafasi yako kana kwamba unanishika mkono kuvuka mtaro.

Wivu wangu ukafanya lile ambalo wivu hufanya ukiachwa juani: ukabadilika rangi. Ukawa wasiwasi wa mama. Nilimwambia Feza kwamba kifua chako ni dhaifu, kwamba ziwa lina upepo, kwamba msichana peke yake njia yote hiyo haifai, kwamba labda mtu mzima angestahimili zaidi. Nilisema kwa sauti ya upole hivi kwamba mimi mwenyewe niliamini. Feza alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya jioni. Hakusimamisha mchi.

"Wifi," alisema, "kifua ya mutoto ilikuwa muzuri mpaka siku ya mutihani. Weye njo unakohoa."

Nilikasirika nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Lakini hata pale sikuja kukujibu. Nilikuwa nangoja uniombe mara ya pili, ili nikubali kwa shida, mbele ya watu, kama mama anayejitoa. Ndiyo, nilikuwa nimeandaa hata maneno.

Leo baada ya sala ya alasiri niliingia chumbani kwako kutafuta sindano. Sanduku lilikuwa wazi. Ndani yake nikakuta vikwembe vyangu, vile vitenge viwili vizuri, vimekunjwa. Viatu vyangu. Shali ya baba yako, marehemu, ninayojifunika asubuhi. Ulikuwa umefunga sanduku la mama yako.

Sitakudanganya. Jambo la kwanza nililohisi ni furaha. Nilikaa kitandani, nikaweka mkono juu ya vile vikwembe, nikajiona nimesimama ndani ya maji. Nilikaa hivyo kitambo. Wala sikusimama kwa sababu ya wema. Nilisimama kwa sababu niliwasikia wewe na Feza uani, dirisha likiwa wazi.

Feza alikuuliza, "Na weye unakubali tu hivi hivi? Si ulishinda?"

Ukamjibu, "Mama njo anajua, Shangazi. Mimi nilibahatisha tu."

Mwamini, nimevumilia mambo mengi katika kazi ya ualimu. Nimevumilia mishahara isiyofika, madarasa yasiyo na chaki, wakubwa waliokuja kutukagua bila kujua wanachokagua. Sijawahi kuvumilia mwanafunzi aseme uongo juu ya jambo aliloliona kwa macho yake. Na mwanafunzi huyo ni wewe, na aliyekufundisha uongo huo ni ukimya wangu. Ulikuwa na jibu la kweli mkononi, na kwa sababu mama yako alinuna, umeanza kusahau namna ulivyolipata. Juma moja tu la kununa kwangu. Mwaka mmoja ungefanya nini?

Hukubahatisha. Niliona vidole vyako. Mtu anayebahatisha hutazama uso wa anayeuliza. Wewe ulitazama mwani. Mtu anayebahatisha husema haraka. Wewe uliomba wembe.

Basi nakupa kile kidogo nilichonacho ambacho beseni halikukufundisha. Ukitilia shaka kama mmea wa kijani ni wa ukoo mwekundu, kiache kipande chake ndani ya maji yasiyo na chumvi mpaka kianze kufa. Mara nyingi maji yatageuka waridi, maana ile rangi ya ndani haikuondoka, ilifunikwa tu. Na ukipata iodini, ile dawa ya vidonda ya kahawia, idondoshee kwenye kipande ulichokikata na kukiponda. Unajua muhogo unavyokuwa mweusi wa bluu. Vitabu vinasema wanga wa mwani huo hauendi huko. Unaelekea wekundu uliokolea. Sijapata kujaribu. Nimelisema jambo hilo darasani mara nyingi, na kila mara nilitamani mwanafunzi mmoja aniulize, "Madamu, uliona?" nipate kusema kweli. Wewe ukiona, niandikie ulivyoona, hata kama vitabu vimekosea. Hasa kama vimekosea.

Na kuna mahali hata mikono yako haitatosha. Yule mgeni alikiri mwenyewe kwamba kuna mwani wa kwao na mwani uliokuja ambayo inafanana mpaka wataalamu wanagombana. Ukifika hapo, sema "sijui" kwa sauti ile ile unayosemea "najua". Mimi nilipewa elimu nyingi, lakini neno hilo nililichelewesha, na bwawa la watu likafunikwa.

Usidhani kwamba kwa kuandika hivi wivu umekwisha. Uko hapa, umekaa nami mezani. Utakapokuwa kwenye meli nitakuonea wivu wa upepo. Utakapoingia baharini nitakuonea wivu wa miguu. Barua zako nitazisoma kwanza kwa kijicho, kisha nitazisoma tena kama mama, na ya pili ndiyo nitakayokujibu. Labda utauona wivu huo ukiwa na rangi nyingine, nikilalamika kwamba huandiki, au nikikuhimiza urudi haraka kwa sababu ya mgongo wangu. Uutambue tu, uuite kwa jina lake, uendelee na kazi. Usingoje uishe ndipo uende. Mimi mwenyewe nilingoja mambo mengi yaishe.

Vikwembe vyangu nimevitoa sandukuni. Nguo zako nimezikunja upya, maana unakunja kama mvulana. Shali nimeiacha, ni yako. Kwenye ziwa kuna upepo kweli, hilo halikuwa uongo.

Barua hii utaikuta asubuhi juu ya nguo hizo. Feza atakuwa ameamka mapema kukupikia mikate, na mimi nitakuwa nimekwenda shuleni, kwa sababu kuna watoto wa darasa la kwanza na sijui kama naweza kukutazama usoni kabla hujafanya nitakalokwambia sasa. Nitakuja stesheni.

Ukishaisoma, kabla ya saa sita, nenda kwa mkaguzi, peke yako, umwambie jina ni lako na lisibadilishwe.

Mama yako